Nafasi ya Kitabu cha Nyimbo

Mama Norma alipokufa, wale waliomnyang'anya wanafunzi ndio waliomwandalia hafla ya kumkumbuka. Ujumbe ulinifikia kwenye simu nikiwa jikoni kwangu Plano, mikono imejaa unga wa chapati: Jumapili alasiri, Houston, ukumbi uleule wa sakafu ya mbao, tucheze dansi ya tango kwa heshima ya mwalimu wetu mpendwa. Nilisoma neno "mpendwa" mara mbili nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Niliapa siendi. Nilikwenda, bila shaka, maana mtu akishafika umri wangu, wa miwani kuning'inia shingoni na goti linalotabiri mvua, viapo vyake huwa vya kujifurahisha tu. Niliendesha gari peke yangu asubuhi nzima ile ya barabara iliyonyooka, nikapita malori na ng'ombe na mabango ya mawakili, na kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wa kitambaa, kulikuwa na viatu vyangu vya kuchezea. Sikuvichukua kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimevipiga rangi usiku wa kuamkia safari.

Nilikaa ukutani, mahali pangu pa siku zote, nikavivaa, na Houston ikanirudisha kwenye mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa msichana mwembamba wa sare ya zambarau, mtunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Plano, na nilikuwa nikiishi Vickery Meadow, mtaa wa wahamiaji huko Dallas, na Wangeci, muuguzi aliyenizidi umri, mshahara na wokovu. Chumba chetu kilinukia vitunguu na mafuta ya nywele. Dirisha lilitazama ngazi za chuma ambazo kila aliyezipanda tulimjua kwa mshindo wa miguu yake: Wakongo wa juu, Wasomali wa kando, yule baba wa Burma aliyeotesha pilipili kwenye ndoo. Kazini nilikuwa mikono tu. Mikono ya kuosha, ya kugeuza, ya kulisha. Wengi wa wale wazee waliniita kwa jina la aliyenitangulia, naye sijui alikuwa nani. Nasema haya si kwa kutaka huruma. Nataka ieleweke kwa nini msichana wa kanisani alijitia katika mambo ya tango, kitu ambacho kwetu hata jina lake hatukulijua.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa mume wa Mama Norma. Mama Norma alitoka Buenos Aires zamani sana, akazeekea Dallas, na kila alasiri alikuja na redio ya kanda akampigia mumewe muziki wa kwao. Yule mzee alikuwa amesahau kila kitu, hata jina la mkewe. Siku moja nilipokuwa namfunga kamba za viatu alisimama, akanishika mkono wa kulia, akaweka wa pili mgongoni pangu, akaanza kutembea. Alitembea vizuri kuliko alivyotembea kwenda chooni. Nikamfuata, maana kumfuata ndiyo ilikuwa kazi yangu. Muziki ulipokwisha Mama Norma alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akaniambia kwa Kiingereza chake kilichojaa Kihispania, "Binti, njoo Alhamisi. Usinilipe. Njoo tu."

Darasa lilikuwa katika ukumbi nyuma ya kanisa moja la Wazungu, viti vya kukunja, jokofu linalounguruma. Huko ndiko nilikomkuta Faustin. Nilimjua kwa sura, maana tulikuwa tukifulia nguo katika chumba kimoja cha mashine pale Vickery Meadow. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mrefu, mpole, alibeba makasha ghalani usiku, na mchana alivaa shati jeupe kama anayekwenda kuposa. Tulikuwa weusi wawili katika chumba kizima, kwa hiyo tulipangwa pamoja kabla ya yeyote kutuuliza. Sikukasirika. Alikuwa na kiganja kikavu na hakuwahi kunikanyaga.

Tatizo langu lilikuwa umbali. Nyumbani, mwalimu wa kwaya alikuwa akipita katikati ya mistari na kitabu cha nyimbo, akakipenyeza kati ya kijana na binti waliosimama jirani. Kisipopita, wote wawili walikwenda kusimama nje. Kwa hiyo Faustin aliponishika, mwili wangu ulijua wenyewe pa kusimama: nafasi ya kitabu cha nyimbo. Nilimweleza Mama Norma kwa aibu, nikingoja anikemee. Alinitazama na uso wake uliopakwa poda, akasema, "Iache hiyo nafasi. Mwanamume si koti ulivae. Wengine huko kwetu hucheza kifua kwa kifua, wengine mbali, na wote walizaliwa na mama." Nikamsimulia na Faustin, tukiwa tunakunja mashuka chumbani mwa mashine, akacheka hadi akakaa juu ya kikapu. "Kitabu ya nyimbo!" akasema. "Dada Mumbua, hii hadisi ni ya kutunza."

Aliitunza kweli. Nitafika huko.

Chumba kile cha mashine ndicho kilikuwa shule yangu halisi. Jumamosi asubuhi, yeye katoka ghalani, mimi sijaenda kazini, tulitia nguo, tukasukuma vikapu kando, tukacheza kwenye saruji huku vikaushio vikizunguka. Kulinukia sabuni ya unga na joto. Tulikula tulichonacho: mimi chapati za jana, yeye sombe, majani yao ya muhogo, na samaki wadogo wakavu ndani ya kopo la siagi. Alinifundisha jambo lililonishinda darasani. Katika tango mwanamume hamwendei mwanamke akamwomba kwa mdomo. Humtazama kutoka ng'ambo ya ukumbi, na mwanamke akitaka humtazama vilevile. Mwanamume hutikisa kichwa kidogo, mwanamke huitika, ndipo huja. Asiyetaka hugeuza macho, na hakuna aliyeaibika. Hiyo ndiyo adabu yao. Adabu yangu ilikuwa kinyume: kumkodolea mwanamume macho ni ukosefu wa malezi. Mwezi mzima nilikaa ukutani kwenye milonga, ndiyo mikusanyiko yao ya kucheza, macho yametulia kwenye magoti yangu, nikishangaa kwa nini hakuna anayenitaka. Kumbe kila mwanamume aliyenitazama alijiona amekataliwa kwa heshima zote.

"Unaangalia chini kama mutu anatafuta sindano," Faustin aliniambia. Alikwenda kusimama mlangoni, karibu na mashine ya kuuza soda, mimi nikabaki kwenye vikaushio. "Inua macho. Kama hauniangalie, nitajua namna gani kama unataka?"

Niliinua, nikacheka, nikayashusha. Niliinua tena. Alikuwa amesimama wima na shati lake jeupe, ananitazama bila haraka, kisha akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anayekubali bei. Nikaitika. Akavuka saruji ile, akapita ndoo na mifagio, akaja kunichukua. Hakuna mwanamume aliyewahi kunivukia chumba kabla ya hapo. Nilimpenda papo hapo, na wala sikujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Wakati huohuo vita vilikuwa vimeanza jikoni kwa Mama Norma. Baada ya darasa alitualika wachache nyumbani kwake, akatupa sambusa zao zile za kuokwa zenye zeituni ndani, na chai chungu inayonyonywa kwa mrija, kikombe kimoja kinazunguka mezani. Miongoni mwetu alikuwepo Gordon, mhandisi wa kompyuta wa Plano, mtu wa sauti nyororo na soksi za bei. Gordon alikwenda Buenos Aires kwa likizo, akarudi na ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa kwamba tango halisi ni kifua kwa kifua, hatua fupi, mguu usiinuliwe, na yeyote achezaye kwa kuacha nafasi anacheza tango la jukwaani, la kuuzia watalii. Alikaa kwenye kiti cha Mama Norma, anakula sambusa ya Mama Norma, anamfundisha Mama Norma nchi yake.

"Baba yangu alicheza mbali na mama yangu," Mama Norma alisema, "kwa sababu mama alikuwa na mimba kila mwaka. Ungetaka aliweke wapi tumbo?"

Wote tukacheka isipokuwa Gordon. "Hapo mlikuwa pembezoni mwa mji," akajibu. "Pembezoni kulikuwa na nafasi. Desturi ya kweli ni ya katikati ya mji."

"Kwa hiyo mimi si wa kweli?"

"Sijasema hivyo, Norma. Nasema tuheshimu asili."

Asili! Neno hilo lilipotajwa, macho yote yaligeuka kwangu na kwa Faustin. Gordon alikuwa amesoma mahali kwamba tango lina damu ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na jambo lenyewe ni la kweli, silipingi. Lakini alimshika Faustin bega mbele za watu, akasema, "Huyu anayo tayari mwilini. Tazameni anavyokanyaga ardhi." Faustin alikuwa mtu wa miji, mwana wa mtengeneza redio, ardhi aliikanyaga kama mtu yeyote mwenye viatu. Kisha Gordon akanigeukia, akaniona nimekaa na magoti pamoja, akatabasamu kwa huruma. "Wewe, wamishonari walikuharibu kidogo." Ningemjibu leo, tena kwa muda mrefu, lakini leo haulizi.

Watu hudhani ugomvi wa mitindo ya dansi ni mchezo wa walioshiba. Nami nilidhani hivyo. Kumbe aliyepata mamlaka ya kusema mtindo upi ni halisi, amepata mamlaka ya kusema mwili wa nani uko sawa. Gordon alifungua darasa lake Plano, katika studio yenye vioo na kahawa ya bure. Mmoja mmoja wakahama. Mama Norma akawa anapanga viti vingi kuliko watu, halafu anavikunja mwenyewe. Faustin alialikwa kule bila malipo. Gordon alimfuata kwa gari lake mpaka Vickery Meadow, akamsubiri chini ya ngazi huku watoto wakiligusagusa gari. Nilisikia mshindo wa miguu ya Faustin ikishuka kwa haraka, na nikajua si ghalani anakokwenda.

"Banasema vile tunachezaka kwa Mama Norma ni ya théâtre, ya jukwaa," aliniambia Jumamosi moja, akichambua soksi.

"Na wewe unasemaje?"

"Eh, dada, si mimi njo nasema. Ni beye, batu wa Gordon." Akakunja soksi mbili zisizofanana. "Mais weye pia, ungekaribia kidogo tu. Kwa ile milonga ya Houston, batu wa kule banakuja kuangalia. Banatafuta mwalimu wa kule, na kazi ya siku yote, na nyumba. Unajua ghala inaniua mugongo."

Nilijua. Nilikuwa nimemkanda mgongo huo juu ya shati, kwa nafasi yangu ileile. "Houston utacheza na nani?" nikamuuliza, sauti yangu ikinisaliti.

"Muziki ya kwanza, njo yetu. Parole." Akaweka mkono kifuani. "Nitakuangalia, na weye uniangalie."

Basi nikaamua. Nitaifunga ile nafasi. Huko Houston, mbele ya watu wote, nitaweka kifua changu kwenye kifua cha Faustin, na mwalimu wa kwaya na kitabu chake wanisamehe. Anayeliona jambo hilo kuwa dogo hakulelewa nilikolelewa mimi. Nililala na uamuzi huo kama mtu aliyemeza kaa la moto. Jikoni nilimwomba Wangeci anisaidie kufanya mazoezi, na kwa kuwa alinipenda kuliko alivyoonyesha, alikubali, mwiko mkononi.

"Ngai! Si mimi nimeokoka?" alisema nilipomkumbatia. "Sasa hii ndio dansi ama ni deliverance?"

"Tulia, Wangeci. Tembea."

Tulitembea kutoka jiko hadi jokofu. Alinukia vitunguu na dawa ya kuoshea mikono. Aliposimama hakuniachia. "Mumbua, huyo kijana amekuambia anakupenda?"

"Ameniambia wimbo wa kwanza ni wetu."

"Sijakuuliza hiyo. Yaani uta-drive hadi Houston ndio uangaliwe?"

"Ndiyo."

"Na akikosa kukuangalia?"

Nilimwambia ageuze vitunguu visiungue.

Nilikwenda na Mama Norma katika gari langu kuukuu, vioo wazi kwa kuwa kipoza hewa kilikuwa kimekufa. Aliimba njia nzima. Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, jua la alasiri limelala sakafuni, meza ya keki na maji ya ndimu. Watu wa Gordon walikuwa wamekalia kona ya mbele, na Faustin alikuwa katikati yao, ndani ya suti ya kijivu. Suruali ya suti ile niliipinda upindo mimi, kwa mkono, wiki iliyotangulia. Niliketi mahali anapoweza kuniona. Muziki ukaanza. Niliinua macho kama alivyonifundisha.

Alitazama chumba chote. Macho yake yalikuja, yakanipita kama yanavyopita pazia, yakatulia kwa mwanamke mwenye hereni ndefu wa pale Houston. Akatikisa kichwa. Akavuka sakafu. Nilijiambia hakuniona kwa sababu ya jua. Wimbo wa pili nilijiambia ni adabu kwa wenyeji. Baadaye nilikwenda kwenye kijichumba cha makoti kutafuta leso, na nyuma ya makoti, upande wa mlango wa pili, nikasikia sauti nyororo ya Gordon.

"Yule binti wa Norma anakutazama sana. Leo usicheze naye, nakuomba. Wanakupima. Ukisimama naye kwa mkono ulionyooka vile, watasema ndivyo unavyofundisha. Ni mpenzi wako?"

"Hapana," Faustin akajibu, kwa Kiingereza chake kizuri cha polepole. "Ni jirani. Tunafulia nguo mahali pamoja."

Nilisimama katikati ya makoti ya watu. Naweza kusema niliumia, lakini neno hilo ni dogo. Nilikuwa nimejitayarisha kuvunja jambo ambalo hata mama yangu nisingeweza kumweleza, na yeye alinivunja kwa sentensi mbili fupi, tena za kweli. Hakudanganya. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Kuna maneno ya kweli yaliyo machafu kuliko uongo.

Niliporudi, Mama Norma alikuwa bado amekaa, mgongo wima, midomo imepakwa rangi nyekundu. Yeye aliyezaliwa Buenos Aires kwenyewe, hakuna aliyemtazama. Kwa watu wale alikuwa bibi kizee wa mtindo usiofaa. Aliusoma uso wangu mara moja. "Fungua viatu, binti," akasema. "Mwanamke akishafungua viatu, hakuna mwenye ruhusa ya kumwalika, na hakuna anayeweza kusema hakualikwa. Mlango umeufunga wewe. Usiwaachie raha ya kukunyima."

Akainama, akafungua vyake. Mimi nilikataa. Nilikaa na viatu vyangu miguuni, macho juu, namtazama Faustin nyimbo zote zilizobaki, mpaka walipoanza kukunja meza. Nilikuwa na matumaini bado, na ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoichukia zaidi.

Faustin alipata ile kazi. Alihama mwezi uliofuata, na Jumamosi ya mwisho aliingia chumbani mwa mashine akaniambia "ça va, dada?" huku akitoa nguo zake kwenye kikaushio kabla hazijakauka vizuri. Nilisema salama. Mama Norma alifunga darasa mumewe alipofariki. Niliendelea kumtembelea, tulikunywa ile chai chungu, hatukumtaja mtu. Nimecheza na wengi tangu siku hizo, hapa na pale, na sikuwahi kuifunga ile nafasi kwa yeyote. Wapo waliosema ni mtindo wangu. Si mtindo. Ni jeraha lililojifunza kutembea.

Na sasa, katika hafla ya kumkumbuka, picha yake imewekwa juu ya ile meza ya keki. Gordon amekaa karibu nayo, fimbo mapajani, amekuwa mzee mwema anayelia kirahisi. Faustin alichukua kipaza sauti. Ana mvi, amenenepa kistaarabu, wanafunzi wake wa Houston wanamwita maestro. Alisema mitindo imekuja na kupita, na kwamba siku hizi, baada ya miaka mingi ya kubanana kifua kwa kifua, ameanza kuwafundisha vijana kuachiana nafasi. Nikainua kichwa. Alisema Mama Norma ndiye aliyemfumbua macho. Kisha akatabasamu, akashusha sauti.

"Mimi nililelewa kanisani, Kongo," akawaambia kwa Kiingereza. "Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akipitisha kitabu cha nyimbo kati ya wavulana na wasichana. Nikamwambia Norma, siwezi kukaribia, mwili wangu umezoea hicho kitabu. Akanijibu, iache hiyo nafasi."

Watu waliguswa. Mwanamke mmoja mbele yangu alijifuta machozi. Walipiga makofi, na Gordon alipiga kuliko wote.

Wakaweka wimbo ambao Mama Norma alikuwa akimpigia mumewe. Faustin akarudisha kipaza sauti, akanyoosha koti, akatazama chumba chote. Safari hii macho yake hayakunipita. Yalisimama kwangu, yakakaa. Nikamtazama, moja kwa moja, bila kupepesa, muda wa kutosha kwa yeye kujua kwamba nimesikia kila neno. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama zamani pale kwenye mashine ya soda, akaanza kuvuka sakafu.

Niliyashusha macho polepole, kama nilivyolelewa. Alipofika katikati ya ukumbi, mbele ya wanafunzi wake wote, nilikuwa nimeinama, nafungua kamba za kiatu cha kwanza.